Utafiti wa Sheria ya Data Baada ya Uzamivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa sheria, wauguzi, mawakala wa forodha, viongozi wa vikundi vya wavuvi na wazazi wenye watoto shuleni. Nafanya utafiti wa sheria hapa Mombasa, na ninachochunguza ni namna taasisi zinavyopeana data za watu, na namna sheria inavyoweza kuisimamia teknolojia inayozibeba. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Kama una kesi mahakamani, muone wakili wako. Ukurasa huu hauchukui nafasi yake.

Mtafiti wa baada ya uzamivu bado ni mwanafunzi?

La. Amekwisha kupata shahada ya uzamivu na sasa ameajiriwa, au amefadhiliwa, afanye utafiti wake mwenyewe chini ya profesa mwenyeji. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja hadi mitatu. Anachapisha makala, pengine anafundisha kidogo, na mwisho wake hatunukiwi shahada nyingine yoyote. Wazee wakikuuliza utamaliza lini kusoma, waambie umekwisha kumaliza na hii ni kazi.

Utafiti wa sheria hauna maabara. Mnafanya nini hasa?

Kusoma sheria na hukumu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuzifuata data zenyewe zinakopita.

Chukua kitabu cha wageni kwenye lango la jengo la ofisi, tuseme Moi Avenue au Digo Road. Kina safu ya jina, ya namba ya kitambulisho, ya simu, ya ofisi unayokwenda, saa ya kuingia na sahihi. Unapoinama kuandika yako, ukurasa mzima wa waliokutangulia uko mbele ya macho yako: nani amekwenda kwa wakili wa talaka ghorofa ya 3, nani amekwenda kliniki ghorofa ya 5, na namba zao za simu. Mtafiti wa sheria anaanza kuuliza hapo. Nani ameamua kitabu hiki kiwepo, mwenye jengo au kampuni ya ulinzi? Kikijaa kinapelekwa wapi? Polisi wakija kukiomba, ruhusa inatolewa na nani, na inaandikwa? Katika lugha ya sheria, mwenye jengo huenda akawa mdhibiti wa data, yaani anayeamua zichukuliwe kwa nini na vipi, na kampuni ya ulinzi ikawa mchakataji anayefanya kwa niaba yake. Lakini ukiusoma mkataba wa ulinzi unaweza kukuta umetaja sare, zamu na malipo, na kitabu hakikutajwa popote. Pengo hilo ni mada kamili ya utafiti, na halionekani kwa mtu aliyekaa maktaba tu.

Basi naweza kukataa kuandika namba ya kitambulisho langoni?

Sheria ya kusimamia huduma za ulinzi wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu mlinzi kukuuliza wewe ni nani na kuandika saa uliyoingia na kutoka. Kwa hivyo usigombane naye, anafanya alichoagizwa. Hoja yenye nguvu ni nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ziwe zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa, na zitunzwe kwa usalama. Kitabu kinachosomwa na kila mpita lango hakitimizi sharti hilo la pili. Barua kwa mwenye jengo itafika mbali kuliko ubishi wa langoni.

Sheria ya Kenya inakataza taasisi kupeana data?

Haikatazi. Ningependa jibu hili lisomwe polepole, kwa sababu kutolielewa kunaleta madhara ya pande mbili: hospitali inamnyima mgonjwa faili yake kwa kisingizio cha "ulinzi wa data", na kampuni nyingine inauza orodha ya wateja kwa kudhani tiki moja kwenye fomu imeruhusu kila kitu.

Msingi wa yote ni Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayolinda faragha, ikiwemo habari za familia na mambo binafsi zisitakwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, ikaujengea msingi huo nyumba. Kifungu cha 30 kinataja sababu halali za kuchakata data: ridhaa, kutekeleza mkataba, wajibu wa kisheria, kuokoa uhai, kazi ya umma na nyingine. Ridhaa ni mojawapo tu, na watu huning'iniza kila kitu juu yake bure. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba anayeomba kupewa data aombe kwa maandishi, aeleze kusudi, muda atakaozihifadhi na jinsi atakavyozilinda. Na pale data zinapopeanwa mara kwa mara, pawe na makubaliano kabla ya kuanza.

Kwa hiyo swali la kisheria huwa hili: data zikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, nani atajibu zikiharibika? Zikivuja, mdhibiti ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data pale mtu anapoweza kudhurika kweli, na mchakataji ana saa 48 kumjulisha mdhibiti. Saa hizo hazina maana kama hakuna anayejua nani ni mdhibiti.

Kwa nini Huduma Namba na Worldcoin hutajwa kila mara?

Kwa sababu hapo ndipo mahakama zetu zilipoonyesha msimamo wao.

Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba (mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho) iliyopelekwa na Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, na wenzao, walizuia serikali kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Usajili wenyewe uliruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba uwekewe kwanza mfumo kamili wa kanuni. Kisha tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikafuta utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data. Serikali ilijitetea kwamba data zilikusanywa kabla ya sheria kuanza kutumika. Mahakama haikukubali utetezi huo, na kwangu hiyo ndiyo hukumu nzito kuliko zote katika eneo hili. Maana yake ni kwamba haki ya faragha haikuzaliwa siku sheria ilipotiwa sahihi. Ilikuwepo ndani ya Katiba tangu 2010.

Pwani ina sababu yake ya kuifuatilia kesi hiyo. Mfumo wa utambulisho wa kidijitali humfaa aliye na kitambulisho tayari. Wapemba wa pwani ya Kenya, waliotambuliwa rasmi kuwa raia 2023, waliishi vizazi kadhaa bila karatasi hizo. Unapounganisha huduma zote na namba moja, anayekosa namba hukosa vyote kwa mpigo.

Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ilisimamishwa na serikali Agosti 2023, baada ya watu kupanga foleni kupigwa picha ya mboni za macho na kupewa tokeni za sarafu hiyo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za kibayometria zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna. Fikiria mtu ambaye hajala tangu asubuhi akiambiwa angalia ndani ya mpira huu wa chuma upewe pesa. Ridhaa ya namna hiyo ina uhuru kiasi gani? Anayetaka mada ya utafiti aanzie hapo.

Data za hospitali zinaweza kutumiwa na watafiti?

Zinaweza, kwa masharti. Hili ndilo eneo ninalolijali zaidi, maana data za afya huokoa watu zikipeanwa vizuri na huwavunjia heshima zikipeanwa vibaya.

Data za afya ni data nyeti. Orodha ya Kenya ya data nyeti ni pana kuliko ya Ulaya: imeingiza pia mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Kwa hiyo fomu ya kawaida ya kulazwa, yenye jina la baba, jina la mama na mtu wa karibu wa kupigiwa simu, imejaa data nyeti hata kabla daktari hajaandika ugonjwa. Watafiti wengi kutoka nje huja na fomu zilizoandikwa kwa kufuata sheria ya Ulaya na hawalioni jambo hili.

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinawapa nafuu wanaofanya utafiti, historia na takwimu, mradi data zitumike kwa kazi hiyo tu na zisichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Kumtambulisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ondoa jina, bakisha "mvuvi, miaka 61, kijiji fulani, ugonjwa adimu", na kijiji kizima kinajua ni nani. Nimeona jedwali la namna hiyo likisambazwa kama "lisilo na majina", na wahusika wangeweza kutambuliwa na jirani yeyote.

Kuvuka mpaka ni suala jingine. Data nyeti zikitoka Kenya, sheria inataka ridhaa ya mwenyewe na uthibitisho wa ulinzi huko zinakokwenda. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inaziita data za afya rasilimali ya kimkakati ya taifa. Desemba 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kusimamisha uhamishaji wa data za afya chini ya makubaliano ya Kenya na Marekani. Ulaya nayo ina kanuni mpya ya data za afya, iliyoanza kuwa sheria Machi 2025, inayotaka rekodi za wagonjwa zitumike kwa utafiti kupitia ofisi maalumu za kutoa vibali na ndani ya mazingira salama ya kompyuta, bila mtafiti kuondoka na nakala. Mpango huo wa kumleta mtafiti kwenye data badala ya kuzipeleka data kwake naona unatufaa sana, na ungefanyiwa kazi hapa kabla ya mikataba mingine kutiwa sahihi.

Kwa nini mtafiti wa Mombasa asome sheria za Ulaya?

Kwa sababu zinatufikia. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamfuata pia aliye nje ya Ulaya akiwahudumia watu walioko huko, kama hoteli ya pwani inayolenga wageni wa Ujerumani kwenye tovuti yake. Kenya na Umoja wa Ulaya walianza mazungumzo Mei 2024 kuhusu kutambuliwa kwa ulinzi wetu wa data kuwa wa kutosha. Hadi hilo litimie, data za kutoka Ulaya huja kwa vifungu maalumu vya mikataba, na hukumu ya Schrems II, iliyotolewa na Mahakama ya Umoja wa Ulaya Julai 2020, inamtaka mpelekaji achunguze sheria za nchi ya mpokeaji.

Ila tusisome Ulaya peke yake. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, ulipitishwa 2014 na ukaanza kutumika Juni 2023. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Uganda ina yake ya 2019. Mzigo unaoshushwa Kilindini kwenda Kampala unasafiri na data zake chini ya sheria mbili, na ni wachache mno wanaoandika kuhusu hilo.

Kwani Mombasa ina nini cha pekee?

Ina bandari, na ina nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari. TEAMS na SEACOM zilitia nanga hapa 2009, EASSy ikafuata 2010. Sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki inaingilia ufuo huu.

Bandarini, taarifa za shehena huwasilishwa kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki na kusomwa na taasisi nyingi: ushuru, viwango, afya ya mimea na nyinginezo. Watu husema hizo ni data za biashara na sheria ya faragha haihusiki. Lakini sheria yetu inamlinda binadamu anayeweza kutambulika, na muagizaji mdogo wa mitumba anayetumia jina lake, PIN yake ya KRA (namba ya mlipa kodi) na simu yake ni binadamu anayetambulika. Mpaka kati ya siri ya biashara na data binafsi unapita katikati ya fomu moja. Wakala wa forodha mwenye simu iliyojaa picha za vitambulisho vya wateja kwenye WhatsApp ni mfano ulio hai kuliko kesi nyingi za vitabuni.

Kuna pia tuktuk na pikipiki za umeme. Betri inajua ulipopita, ulipochaji na jinsi ulivyoendesha. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 12 Septemba 2025, inampa mtumiaji wa kifaa haki ya kupata data zinazozalishwa na kifaa chake na kumpa amtakaye. Hapa kwetu dereva hutegemea alichoandikiwa kwenye mkataba wa mkopo wa chombo, na mkopeshaji anaweza kukizima chombo hicho kutoka mbali. Fundi wa mtaani hawezi hata kusoma kosa lililo ndani ya betri. Naamini dereva anastahili haki hiyo, na kwamba inaweza kutungwa bila kumvunjia mtengenezaji siri zake.

Mahakama nazo zina data. Hukumu huchapishwa mtandaoni, na mashauri ya familia mara nyingi hutumia herufi za mwanzo za majina. Katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo na mtaa, herufi mbili, idadi ya watoto na nyumba ya Mji wa Kale zinatosha kumjua mtu. Uwazi wa mahakama ni muhimu, na stara ya mtalikiwa ni muhimu.

Nahitaji vibali gani kabla ya kuanza?

Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, chini ya sheria ya 2013, idhini ya kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa, na barua ya taasisi unakokusanya data. Angalia pia kama taasisi yako inapaswa kusajiliwa na Kamishna. Wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi pungufu ya 10 wamesamehewa usajili wa lazima, ila wanaofanya kazi za afya, elimu, fedha na nyingine zilizoorodheshwa husajiliwa hata wakiwa wadogo. Msamaha huo ni wa usajili tu. Sheria yenyewe inabaki juu yao.

Ukiomba rekodi za serikali, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba, na ofisi husika ina siku 21 za kukujibu.

Fomu ya ridhaa iandikwe vipi?

Kwa Kiswahili kinachosemwa na anayeiweka sahihi, na isomwe kwa sauti. Kurasa sita za kisheria zilizotafsiriwa haraka hazimsaidii mama aliyekaa foleni ya kliniki tangu alfajiri. Mweleze mambo matano: unachukua nini, cha nini, nani mwingine atapewa, utakaa nacho mpaka lini, na afanye nini akibadili nia. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kuuliza. Kwa mtoto, sheria inataka ridhaa ya mzazi au mlezi; Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Ufadhili unapatikana wapi?

Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, iko wazi kwa watu wa nchi zote. Sharti kuu ni uwe na uzamivu, na usiwe umeishi nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Ujerumani kuna Georg Forster ya Wakfu wa Humboldt kwa watafiti kutoka nchi zinazoendelea, na Florence, Italia, kuna ufadhili wa Max Weber. Soma masharti ya mwaka husika, hubadilika.

Lazima nijue kuandika programu?

Si lazima. Lakini ujue hifadhidata ni nini, nakala huhifadhiwa wapi na nani ana nywila. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi mzito; huwezi kuandika kuhusu mkopo unaokataliwa na akili unde kama hujui uamuzi hutokana na nini.

Mradi ukifadhiliwa kutoka nje, data ni za nani?

Uliza kabla ya kutia sahihi. Mikataba mingi ya ushirikiano hutenga kurasa nyingi kwa bajeti na aya moja kwa data, na aya hiyo mara nyingi huipa taasisi ya ng'ambo nakala kuu. Baada ya miaka mitatu mtafiti wa huku anaandika barua pepe kuomba data alizozikusanya mwenyewe juani, na anajibiwa kwamba mradi umefungwa. Linaniumiza, maana waliohojiwa walimfungulia milango yeye.

Dai nakala ya pili ihifadhiwe Kenya. Dai orodha ya wanaoweza kuziona. Dai kwamba matumizi mapya yarudi kwa kamati ya maadili ya hapa, na matokeo yarudishwe kwa vijiji vilivyotoa habari. Mfadhili makini hakatai hayo. Mara nyingi hakuambiwa tu.

Data zangu zimetumiwa vibaya. Nianzie wapi?

Iandikie taasisi uombe kuona ilicho nacho kukuhusu. Kanuni zinaipa siku 7, bila malipo. Ukipuuzwa, lalamika kwa Kamishna, hata mtandaoni. Lalamiko linapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo, na fidia inawezekana pia. Tunza picha za skrini zenye tarehe.

Naweza kukutumia mkataba wetu wa kupeana data uusome?

Ndiyo, hasa ukiwa wa zahanati, shule au kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo). Futa kwanza majina, namba za vitambulisho na sahihi. Utume pamoja na fomu ambazo watu hujaza, na uandike pembeni kila nakala hukaa wapi na kwa muda gani. Ukija mkataba peke yake nitakurudishia, maana siwezi kujua kama unachosema ndicho kinachofanyika.